Mchele wa Msiba Wako Sikuutwanga

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Nakumbuka siku tuliyotoka hospitali, mguu wangu umefungwa. Mfupa ulipasuka bila kuanguka wala kujikwaa, kwa kukimbia tu kila asubuhi mpaka darajani Lumemo, tumboni mna chai ya rangi peke yake. Daktari alikueleza taratibu: anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, umeidhoofisha mifupa yangu kabla haijakomaa. Dawa kubwa ni kula, uzito urudi, na siku zangu za mwezi zirudi. Vidonge peke yake havitoshi. Tena nisikimbie, nisibebe kizito, nisitwange, mpaka atakaponiruhusu. Ulimsikiliza, ukaguna.

"Kumbe mke mwenzangu ana mifupa mizee kuliko mimi!"

Nikacheka. Tulipofika nyumbani Mlabani, nilikusikia jikoni ukilia.

Kuanzia hapo ukawa unanunua maziwa kwa mama Kabula, jirani yetu Msukuma. Wewe, Mpogoro wa wali na perege, maziwa yalikuvuruga tumbo tangu utoto. Lakini ulijimiminia kikombe chako, ukakaa mbele yangu.

"Anza wewe, Bibi."

"Tunaanza wote."

Siku nyingine nilikuchukia. Kila tonge lilikuwa ugomvi, nawe hukubanduka pale mkekani.

Ulikuwa na usia mmoja, ukiusema kwa utani: "Nikifa, mpunga wa msiba wangu usipelekwe mashineni. Autwange mke mwenzangu." Halafu homa ikakuchukua ghafla, mifupa yangu bado haijapona.

Waliotwanga ni shangazi zangu. Mimi nilikaa nachambua mchele, nasikia mchi unapiga uani. Nikashindwa kuvumilia, nikainuka, nikaushika. Mama akaniondoa mikono polepole.

"Bibi yako hakunywa yale maziwa ili wewe ujivunje."

Nyuma yangu wakanong'ona: mjukuu kipenzi, hata mchi hashiki! Iliniuma, Bibi. Inaniuma mpaka leo.

Sahani ikaja. Wali wako, maharage, kipande cha nyama. Wenzangu walisema chakula hakipiti kooni kwa uchungu. Mimi nilikula nalia, machozi yanaingia kwenye mchuzi, nikamaliza. Hicho tu ndicho nilichoweza kukufanyia.

Sasa asubuhi nakunywa maziwa peke yangu. Nakumbuka ulivyokuwa unakunja uso kila ukimeza. Mchi wako nimeuomba kwa shangazi, umesimama nyuma ya mlango wangu. Daktari akiniruhusu nitatwanga mpunga wa usia wako, hata kama matanga yako yatakuwa yamesahaulika. Nitaupika ule mchele, nitapakua sahani mbili.

Yako pia nitaila mimi.

Pumzika, Bibi.

Mke mwenzako,
mjukuu wako wa Mlabani