Nilichomuambia Firmin

Nyalukemba, Bukavu

Mudogo wangu Bijou,

Nakusalimu sana, wewe na Papa Zagabe na watoto wote pale Idjwi. Natumaini mugongo wako umepata nafuu na mihogo imekauka. Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu, ila mvua inaharibu njia. Asante kwa kumupokea mutoto wangu Déborah. Umeniandikia kwamba anakula kidogo na hasemi kilichomuondoa Bukavu. Mimi ninakijua, na ni haya iliyonichelewesha kukujibu.

Unajua siku ya yenga, siku ya Bwana, inavyokuwa hapa. Watu wakitoka ibada wanabadilisha viatu na kushuka kandokando ya ziwa, wanapiga picha mbele ya zile nyumba za zamani za Wabelgiji, na ukifika Nguba harufu ya mishikaki na ya samaki wadogo wa sambaza inakupokea kabla ya muziki. Huko ndiko Déborah alikuwa anaimba, kwenye terasi ya baa ya muzee Firmin. Mimi alikuwa ananiambia anaenda mazoezi ya kwaya. Ni Maman Joviale wa kanisani aliyenifungua macho.

Nikashuka huko na kitenge changu cha ibada. Terasi ilikuwa imejaa. Déborah alikuwa amesimama mbele ya orkestra amevaa robe ya kijani, anaimba rumba ya polepole, na wanaume wenye umri wa kumuzaa walikuwa wanamufuata kwa macho. Mwenye kuhudumia akanivutia kiti, sikukaa. Nilimushika mutoto mukono mbele ya watu wote, nikamuambia anamuaibisha marehemu baba yake. Gita likanyamaza. Déborah hakujivuta. Alisogeza mikro akasema taratibu: "Huyu njo mama yangu. Hii sauti njo yake. Mumupigie makofi."

Watu wakasimama, wakanipigia. Nilitoka na makofi yakinifuata mpaka barabarani, nikiwa na hasira kubwa kuliko niliyoingia nayo, kwa sababu, Bijou, yalikuwa yamenifurahisha.

Usiku ule alipiga magoti akaomba musamaha kwa kunificha. Akaniambia pia kwamba orkestra inaenda Lubumbashi kurekodi, na yeye ndiye mwimbaji wao wa kwanza. Nilimujibu kwamba tutaliombea jambo hilo.

Sikuomba. Kesho yake, wakati wanafagia terasi, nilienda kwa Firmin nikamuambia Déborah ana kifua kikuu na anakificha. Nililia kabisa, mudogo wangu, machozi yenyewe. Muzee wa watu akaniletea maji ya kunywa, akanifariji. Nikamusihi asimuambie mutoto kwamba ni mimi niliyesema, wala asimutajie ugonjwa, na neno lake akalishika. Alimuambia tu kwamba wamepata mwimbaji mwingine.

Déborah alirudi nyumbani, akakaa mulangoni bila kuvua viatu, akaniuliza: "Maman, sauti yangu iko mubaya?"

Ningeweza kulimaliza pale pale. Nilimuambia labda Mungu amemufungia mulango ule kwa faida yake. Asubuhi iliyofuata akapanda boti ya kuja kwako.

Juzi nilirudi kwa Firmin nikamueleza kwamba nilisema uongo. Hakupandisha sauti. Alisema orkestra imeshaondoka na musichana anaitwa Lydie. Alisema kwa ajili yangu wanamuziki wote walienda kupimwa, na mupiga gita, ambaye bibi yake ana mimba, alilala kwa jirani mpaka majibu yakatoka. Kisha akaniomba niondoke, asingependa kuniona tena pale. Nilipita tena katikati ya meza zile zile. Safari hii hakuna aliyeniangalia.

Sasa nakuomba jambo moja. Usimusomee Déborah barua hii, na usimuambie kwamba nakuja, maana anaweza kuondoka. Nitapanda boti ya Alhamisi. Usinichinjie kuku, usiwaite majirani. Nataka nikae naye peke yetu, nimuambie kwa kinywa changu kwamba sauti yake haikuwa na kosa. Akikataa kunisikiliza, sitamulazimisha. Nitalala kwako, nirudi na boti ya Ijumaa.

Wasalimie watoto mumoja mumoja, na Papa Zagabe umupe heshima zangu. Nawaombea usingizi mwema, mimi sina.

Ni mimi dada yako,
Monique