Daftari la Mwalimu Selwyn

Berea, Johannesburg
3 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Hujambo huko Morogoro? Goti limepoa? Mimi mzima, ila lifti ya jengo letu imekufa tena. Ghorofa ya nane kwa miguu, eish!

Mama, nimekasirika, nisikufiche. Miaka sita namtafuta baba mji huu, kila Msauzi aliyewahi kukaa kambi ya wapigania uhuru huko Morogoro namgongea mlango. Jana, mtaa wa La Rochelle hapa mjini, mzee mmoja wa kambi hiyo, Thabo, alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu Selwyn? Huyo hakuwa wa kwetu. Alitoka Trinidad, visiwa vya Karibiani. Alikuja kutufundishia watoto." Mbona uliniambia Msauzi? Nimehamia nchi ya watu bure?

Mwanao,
Orpha


Morogoro
30 Machi 2024

Mwanangu Orpha,

Marahaba. Goti ni lile lile, namshukuru Mungu. Mzigo huu anakuletea Karimu wa basi. Simu yangu watoto wa mjomba wako wanaisoma yote.

Sikukudanganya. Mgeni yeyote wa kambi ile tulimwita Msauzi. Aliponiambia kwao ni kisiwani, nikajua Sauzi nako kuna visiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nijue nini?

Tumbo lilipoonekana, bibi yako alinifungia chumba cha uani kama mwali, miezi saba. Dirisha likapigiliwa mbao. Nilipotoka na wewe mgongoni, Selwyn alishaondoka nchini. Hakuja hata kuniaga.

Bibi alipofariki nilikuta daftari hili sandukuni mwake. Mwandiko wa Selwyn, Kiingereza kitupu. Miaka kumi na moja sijampa mtu anisomee. Niliogopa lisije likasema alinichoka. Sasa soma wewe.

Mama yako


Berea
9 Juni 2024

Mama yangu mpenzi, shikamoo,

Umeamkaje? Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nasoma, nalia, nasoma tena.

Ni hadithi za kwao. Kuna bibi yake aliyeoka mikate ya muhogo. Kuna shangazi aliyefungiwa ghorofani na baba yake kwa kumpenda muuza samaki, hata akasahau njia ya sokoni. Nilimcheka, halafu nikakuona wewe. Na pua ya shangazi huyo ni yangu, Mama! Ameiandika: pana, na kidoti upande wa kushoto. Nilikimbilia kioo.

Hadithi ya mwisho ni ya Morogoro. Mwalimu anakuja nyuma ya ua wenu kila alasiri, siku kumi na saba, anapiga mluzi. Mama mwenye nyumba anamwambia binti yake ameolewa Kilosa. Siku ya mwisho anaandika hayo yote, anamwachia mama huyo daftari ampelekee bintiye.

Alikuja, Mama.

Jalada la nyuma lina anwani ya dada yake. Nimwandikie? Niseme nini?

Mwanao,
Orpha


Morogoro
1 Julai 2024

Mwanangu,

Sina salamu nyingi leo.

Mluzi niliusikia. Nilimuuliza mama, akasema ni muuza maziwa, nami nikaamini. Kila alasiri nikawa nausubiri, nimeweka sikio kwenye zile mbao, maana ndiyo sauti pekee iliyonifurahisha mle chumbani. Ulipokoma nililia siku mbili, nikajiona mjinga kumlilia muuza maziwa.

Mwandikie dada yake. Kama Selwyn yu hai, usimuulize kwa nini aliondoka. Mwambie sikuolewa Kilosa, wala popote. Mwambie nilikuwa ndani.

Mama yako