Chupa ya Kurudisha Damu

Uvira, 20 Februari 2022

Yaya Toussaint, kaka yangu,
Habari ya Kalemie? Kifua kimepona? Huku tunapumua. Usipige simu, mama mukwe ndiye anaishika. Docteur amesema mayai yangu yamechoka mapema, ndiyo maana damu ya mwezi imekauka mwaka wa pili, na minye niko na miaka ishirini na tisa tu! Mimba ni ngumu, lakini mara moja moja yai linaweza kutoka. Mama mukwe hangoji hiyo mara moja. Pasaka ikipita bila damu, Ildephonse ataoa mwingine.
Mudogo wako, Laure

Kalemie, 1 Machi

Mudogo wangu,
Pole, na salamu mpaka kwa kuku wako. Kifua kimepona, kimebaki cha kujisifia. Docteur amesoma vitabu, minye nimesoma dunia! Nimelala Lusaka, nimecheza rumba Dar, waziri aliniazima kalamu mpaka leo. Pokea chupa. Mizizi ya kurudisha damu, iko chungu kama mama mukwe wako. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Mtoto ataitwa Toussaint, hata akiwa musichana.
Yaya yako

Uvira, 22 Machi

Yaya,
Uko muzima? Dawa inafanya kazi kweli! Asubuhi natapika, harufu ya samaki ndagala siiwezi, matiti yanauma. Jirani Bella anasema ni uchafu unatoka. Pasaka iko karibu, nimeongeza vijiko.
Mudogo wako

Kalemie, 31 Machi

Laure,
Salamu baadaye. ACHA HIYO CHUPA. Nilimusomea mukunga Capitoline barua yako, nikijisifu. Akaangusha kikombe: "Weye Toussaint, mujinga! Huyo iko na mimba. Mizizi hiyo wanawake wanakunywa wakitaka kuitoa!" Nimepiga simu, mama mukwe akasema uko shambani Katogota, akakata. Mwaga yote. Kimbia hospitali, waambie yote. Moteri ya boti ya kuleta barua imekufa, nimemupigia fundi magoti. Minye, magoti!
Yaya yako

Uvira, 9 Aprili

Yaya yangu mupenzi,
Hujambo? Boti ya Kalemie hatujaiona bado, lakini siwezi kungoja barua yako. Damu imerudi! Tangu jana, kwa nguvu, tumbo likanikata mpaka nikalia. Mama mukwe mwenyewe amefua shuka, anaimba. Ildephonse amenunua Fanta. Bado inatoka, naandika nimelala. Docteur hajui kitu. Asante, Yaya.
Tuma chupa nyingine.
Mudogo wako, Laure