Chupa Zilizorudi na Maharage

Jumatatu, 10 Machi

Sasa hivi mwanangu Jovin katumbukiza mkono kwenye chupa ya chai, kachota maharage, kayamwaga kwenye kiatu changu. Anacheka mwenyewe. Nampenda huyu mtoto mpaka naumia.

Chupa yenyewe imerudi leo kutoka kijiji cha Bisibo kwa bodaboda. Haitunzi moto. Unaweka chai alfajiri, kabla ya mchana imepoa. Mzigo mzima mbovu, na niliuuza wote kwa picha za kwenye simu. Wateja wanarudisha, nawapa hela yao mkononi. Kila chupa inarudi na kitu ndani: maharage, karanga, unga wa muhogo. Huku kumrudishia mtu chombo kitupu ni kama kumtukana. Muuzaji wa Mwanza niliyenunua kwake hapokei simu.

Jumatano, 12 Machi

Bwana wa kodi kaja kukadiria. Kijana mpole. Kaangalia hela zilizoingia kwenye simu yangu, zote kaziita mauzo. Nikamwambia nyingi nilizirudisha, chupa zenyewe hizi hapa. Akafungua moja. Maharage. Nyingine, karanga.

"Dada, hizi si mbovu. Hizi unazitumia."

Nikasema zinapoza chai. Akauliza zinachukua muda gani kupoza. Nusu siku, nikasema. Akatazama saa yake, akacheka kidogo.

Siyo mtu mbaya. Kasema wateja wakiandika kwamba walirudisha na hela wakapewa, wakasaini, atazitoa kwenye hesabu. Mwisho Jumatatu. Bila hivyo kodi inakula karibu mtaji wote. Naogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kijiji cha Keza. Jovin mgongoni, pikipiki mpaka barabara ilipoishia, halafu miguu. Kwa Mama Restituta, mteja wangu wa kwanza kurudisha chupa. Shikamoo, marahaba, uji kwa mtoto. Nikatoa karatasi. Akaisukuma.

"Mimi nikuandikie ubaya serikalini? Wakufunge, huyu mtoto nimlee mimi?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Akanishika mkono.

"Chupa yako nzuri, mwanangu. Chai yangu ndiyo ya baridi."

Nimelia njia nzima. Ananipenda, na ananimaliza.

Jumamosi, 15 Machi

Bisibo hivyohivyo. Wanaona kusaini ni kunishitaki. Mama mmoja kakubali, nikafurahi. Kuja kusoma alichoandika: chupa ni nzuri sana, Mungu ambariki muuzaji.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeipeleka karatasi hiyohiyo, sina nyingine. Bwana wa kodi kaisoma, kanirudishia. Makadirio palepale. Kaniruhusu kulipa kwa awamu. Halafu kasema taratibu, "Siku nyingine hela irudishe kwa simu, dada, ionekane. Na kibovu kirudi kitupu." Hilo nimelishika. Limechelewa tu.

Jumanne, 18 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Jovin kalala. Mtaji uliobaki unatosha vikombe vya plastiki. Kikombe hakina moto wa kutunza, hakitamwangusha mtu. Nitaanza navyo, polepole.

Najaribu kuwaandikia wateja kwenye simu. Nimefika "naomba" mara nyingi, nafuta. Utamwambiaje mtu mzima akuletee chombo kitupu? Mama mkwe ananiita, mvua imeanza, nguo zinalowa. Naja. Labda niandike tu kwamba kitu kikiwa kibovu, kwa heshima zote, wasikijaze mahara—