Mkristo Afunge, Myahudi Ale

Ijumaa, 26 Septemba

Basi la kutoka kwetu Newburg lilichelewa, nikaingia mbio kazini kwa Bibi Esta, mzee wa Kiyahudi ninayemtunza. Kuku tayari kabla ya jua kuzama. Masufuria ya nyama kabati la kushoto, ya maziwa la kulia, maana dini yao haichanganyi nyama na maziwa. Mikono inajua yenyewe sasa. Taa ya choo nimeiacha inawaka mpaka kesho usiku, maana Bibi Esta hagusi swichi siku ya Sabato. Aliwasha mishumaa, akafunika macho, akaomba kwa Kiebrania. Alikula vizuri, nikampima damu. Sukari nzuri.

Jumapili, 28 Septemba

Tangu asubuhi Bibi anapigia watu simu kuomba msamaha. Alhamisi ni Yom Kipuri, siku yao ya toba. Anasema ulichomkosea jirani Mungu hakisamehe mpaka umwombe jirani mwenyewe kwanza. Kampigia hata fundi bomba, eti siku ile alimfokea bure. Kisha akanigeukia mimi. Kama alinikosea mwaka huu, nimsamehe. Hakuna bosi aliyewahi kuniambia hivyo tangu nifike Marekani. Nikasema hakuna kitu, Bibi. Akasema kipo, siku alipomwaga mchuzi wangu bila hata kuuonja. Kweli, siku ile aliniudhi sana. Nikamsamehe.

Jumanne, 30 Septemba

Kazi ninayo. Bibi anataka kufunga. Tangu jua kuzama kesho mpaka nyota zitokee Alhamisi jioni, bila chakula, bila hata maji. Mgonjwa wa sukari, miaka themanini na sita! Daktari amekataa. Rabi wake alikuja leo, kijana mpole. Akamwambia mgonjwa wa namna yake dini yenyewe inamwamuru ale, kidogo kidogo, kwa sababu uhai unatangulia. Bibi akaitikia kwa kichwa. Rabi alipotoka akasema huyo ni mtoto wa juzi tu.

Dina, binti yake, kapiga simu kutoka Columbus. Mama akianguka mara moja tena, anamhamishia nyumba ya wazee huko huko. Bibi anaiogopa nyumba ya wazee kuliko kaburi. Na mimi kazi basi. Naogopa.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimefanya upumbavu. Bibi alikuwa anavaa nguo nyeupe na viatu vya kitambaa, maana siku hii viatu vya ngozi hawavai. Nikamwambia nitafunga naye. Ndivyo tulivyolelewa kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu: anayefunga haachwi peke yake. Nilidhani namtia moyo tu, kesho atakula kama rabi alivyosema. Tena nina ombi langu. Mume wangu bado yuko kambini, na dada yangu wa Lackawanna, kule Buffalo, anafunga nami kesho ili karatasi za mume wangu za kuja huku zipite.

Bibi alinishika mikono yote miwili. Alifurahi kupita kiasi. Jamani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Asubuhi kakataa uji. Kidole cha kupimia alinipa, mdomo ng'o. "Mkristo afunge, mimi Myahudi nile?" Nikajua nimejitia kitanzi mwenyewe.

Mchana alikaa na kitabu chake cha sala, midomo inakwenda bila sauti. Mimi njaa. Dada akatuma ujumbe: usifungue mapema, utaliharibu ombi.

Alasiri mikono yake ikaanza kutetemeka. Jasho kwenye paji la uso. Nikapima. Imeshuka. Nikiita gari la wagonjwa, Dina atajua, na safari ya Columbus imeiva. Nisipoita naye asile, atanifia mikononi. Nilimkasirikia. Nikajikasirikia mimi zaidi. Simu nikaiweka mezani, akikataa mara moja tu naita, shauri yake.

Nikakata mkate wake, nikaketi mbele yake, nikala. Nilitafuna taratibu ili aone. Nikamwambia nimeshafungua, na hili ninalolitafuna ni ombi langu la mume wangu, basi hapa hakuna tena anayemshinda mwenzake kwa kufunga.

Alinitazama. Akasema, "Lete."

Nikampa juisi ya zabibu kwenye kikombe kidogo. Alitamka baraka kwanza, akanywa. Alilia huku anameza. Tangu usichana wake hajawahi kutia kitu mdomoni siku hii. Nikamwongezea, kisha kipande cha mkate. Sukari ikapanda, mikono ikatulia. Akarudi kwenye kitabu chake, na mimi nikaenda kulia jikoni.

Ijumaa, 3 Oktoba

Sukari nzuri. Dina kapiga, nikamwambia mama alikula. Akashukuru, akakata.

Dada nimemwandikia ukweli. Amesoma, hajajibu. Najua amenuna, na roho yangu nzito. Lakini sijuti.

Wakati wa chai Bibi akatangaza kwamba mwaka ujao atafunga, nisimwingilie. Nikamwambia mwaka ujao nitakula tena mbele yake, tena naanza asubuhi na mapema. Akakoroga chai yake. Kisha akauliza siku hiyo nitapika nini.