Kapsuli za Baba

Karurumo, 4/8/1996

Kwa Wambeti, mwenye jina la mama yangu,

U mzima? Sisi tuko, mbuzi amezaa, baba yako amepata nguvu. Mifupa yako je, bado imegoma kutengeneza damu? Jirani yetu Rwamba, aliyekuona huko Meru, kaniambia unakohoa, nikakosa usingizi. Nimempa akuletee zile kapsuli nyekundu za TB zilizomwinua baba yako. Baba yako anasema zilibaki. Meza kila asubuhi pamoja na dawa yako ya damu. Na usinibishie! Jina ni la mama, lakini mimi ndiye niliyekuzaa.

Mama yako

Majengo, Meru, 2/9/1996

Mama mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi siko vizuri. Nilimeza, mkojo ukawa mwekundu, nikadhani ni nguvu ya dawa. Wiki ya tatu fizi zikaanza kutoka damu. Daktari alipozisikia hizo kapsuli alishika kichwa. Kumbe zinafanya mwili uimalize dawa yangu upesi, kabla haijanisaidia! Kipimo kimeonyesha imebaki kidogo sana kwa damu. Nimeziacha, lakini ubaya wake hauishi leo wala kesho. Damu imepelekwa Nairobi ipimwe tena, nangoja tu, situlii. Na daktari anauliza, mama: dawa ya TB humezwa mpaka iishe. Hizo zilibakije?

Binti yako, Wambeti

Karurumo, 9/9/1996

Wambeti mama,

Pole, pole sana. Nimembana baba yako. Hazikubaki! Alikutumia zake za mwezi mzima. Eti yeye ameishi, sasa ni zamu yako. Mwanamume huyu! Kifua kimerudi, anatema damu. Zahanati imempa zingine, hataki kuzigusa mpaka asikie dawa yako imerudi kwa damu. Nimelia, nimemtukana, anageukia ukuta tu. Usije nyumbani, muuguzi anasema kikohozi chake kitakumaliza. Andika upesi nimsomee.

Mama yako

Majengo, 14/9/1996

Mama,

Salamu. Hii isome peke yako, kisha uichome. Majibu ya Nairobi bado. Fizi hazijaacha. Naogopa, mama, naogopa sana. Karatasi ya pili ndiyo ya kumsomea.

Wambeti

Majengo, 14/9/1996

Baba yangu,

Habari ya kifua? Mimi niko sawa kabisa. Majibu yamefika, dawa imerudi kwa damu, hata daktari alicheka. Ukipona nitakuja tukae nje tuongee mpaka uchoke na mimi. Sasa meza zako, baba. Meza mama akiangalia.

Binti yako, Wambeti