London Haikuitaja Mamboya

Kilosa, Jumapili. Mvua tangu alfajiri hadi sasa.

Leo sikwenda kanisani. Nimeshinda sebuleni kwa Ndugu Katibu, katibu wa chama hapa na mkubwa wangu wa kazi, nikisikiliza redio ya Waingereza kwa amri yake. Juzi alirudi mkutanoni Morogoro akiwa ameambiwa kwamba huko London wanavisema vibaya vijiji vyetu vya Ujamaa. Kiingereza hakijui. Mimi ninakijua, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kulinasa hilo tusi na kumpa kwa Kiswahili, ili awe wa kwanza kuliripoti mkoani.

Tusi halikuja.

Ilikuja ibada, na mchungaji mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha wazee watatu wakabishana kuhusu konokono wanaokula mimea ya bustani. Mmoja alisema wamwagiwe chumvi, mwingine akasema watiliwe bia. Bia! Walibishana kwa adabu kama vile wanaamua mambo ya vita. Baadaye watu wazima wakapigiwa makofi kwa kujua majina ya mito. Baadaye tena mtu akasoma hali ya hewa ya bahari zao, polepole, kama anayesoma majina ya marehemu.

Hawa ndio waliotutawala. Kule misheni tulichapwa ili tutamke maneno kama wao, nami niliamini kwamba wakiwa peke yao wanazungumza mambo makubwa.

Wanazungumza konokono.

Ndugu Katibu naye hakuwa afadhali.

"Huyo konokono ni nani?" aliniuliza.

"Ni konokono tu, Ndugu Katibu. Wa bustanini."

"Kijana, mzungu hawezi kupoteza umeme wote huo kwa ajili ya konokono. Sisi anayekula jasho la wenzake tunamwitaje?"

"Kupe."

"Basi wao wanamwita konokono. Andika."

Niliandika. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Akauliza bila kuinua uso, "Na hiyo bia ni nani, Baba Zuhura? Au ni wewe?" Sikuthubutu kucheka.

Mchana ukaja mchezo wa kuigiza. Baba mmoja analetewa habari kwamba mwanawe amefia vitani. Akalia na kulia, kwa mbwembwe ambazo hata mtoto asingeziamini: "Mai boi, aa! Mai boi, aa!" Yaani, mwanangu. Redio ilikuwa inakwaruza kwa sababu ya mvua. Ndugu Katibu akaruka kutoka kitini.

"Mamboya! Wameitaja Mamboya!"

Mamboya ni kwetu. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa misheni, bado yuko kule mlimani kwenye shamba lake, na ni mmoja wa wachache ambao hawajakubali kuhamia kijiji cha Ujamaa.

Nikaeleza kwamba ni mchezo, kwamba ni kilio, kwamba ni maneno mawili ya Kiingereza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo.

"Wewe si mtu wa Mamboya?"

"Ndiyo, Ndugu Katibu."

"Na mzee wako si kafundishwa na wazungu hao hao? Kesho napanda na mgambo. Ashuke hapa atueleze habari zetu anampelekea nani."

Hapa ndipo ninapojidharau kuliko ninavyowadharau wote wawili, London na Katibu. Sikusema kwamba baba yangu hana kosa. Nilisema, "Mzee wangu ni mkaidi, lakini mimi nimemwambia mara nyingi ahame."

Nilijiosha mimi kwanza.

Aliyenitoa pale ni Mama Zuhura. "Si akuigizie? Kijiji hakiitwi kwa machozi. Msikilize mwenyewe."

Basi nikasimama katikati ya sebule na suruali yangu ya Jumapili, nikashika kifua, nikalia Kizungu. Mara ya kwanza sikumchekesha mtu. Mara ya pili nilimwona baba anashushwa mlimani kwenye tope, bunduki nyuma yake, na kilio kikatoka chenyewe. "Mai boi, aa!" Mama Zuhura akamwaga mchele kwa kicheko. Ndugu Katibu alijikaza, akashindwa.

"Mzungu ndivyo anavyolia? Kama mbuzi! Hebu rudia."

Nikarudia. Akaita majirani. Nikawalilia majirani nao, mmoja baada ya mwingine, kila aliyeingia akitikisa mwavuli. Mwishowe akajifuta macho akasema, "Haya, mwache mzee wako. Mamboya hatuendi. Nani apande kwenye tope lote hili kwa ajili ya mbuzi wa London?"

Hivyo ndivyo mambo yanavyoamuliwa hapa. Si kwa ushahidi, si kwa haki. Amecheka, basi yameisha. Asingecheka, baba yangu angelala mahabusu kwa sababu ya mwigizaji mmoja asiyejua kulia.

Baba hajui lolote. Sitamwambia, maana itabidi nimwambie na lile neno "mkaidi."

Wakati naondoka, jirani mmoja alinipungia mkono: "Kwaheri, Maiboi!" Wote wakaangua kicheko tena, Ndugu Katibu kuliko wote. Kesho ofisi nzima hilo ndilo litakuwa jina langu.

Nitaitika.